Shingo ya Mninga

Asubuhi moja ya Juni mwaka 1957, lori lililotoka Tunduma lilisimama Iyunga na kumshusha Ambrosi Kalinga. Alikuwa amevaa kofia ya Rhodesia na koti lililozidi mabega yake. Mikononi alibeba kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi, kwa uangalifu wa mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Alimwomba dereva asizime injini, kisha akavuka barabara mpaka kwenye karakana ya shemeji yake.

Shemeji huyo aliitwa Alinanuswe. Alikuwa fundi seremala, mtu wa Tukuyu aliyehamia Iyunga akiwa kijana, na nusu ya milango na mabenchi ya kanisa ya upande ule wa Mbeya ilikuwa imepita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu walisema ukimuuliza Alinanuswe jambo leo, jibu utalipata kesho kutwa, ila litakuwa limepigwa randa. Miaka minne iliyopita alikuwa amemwoa Severina, dada yake Ambrosi, Mhehe wa Iringa, na walikuwa na binti mmoja, Esta, ambaye bado alibebwa mgongoni.

"Kamwene, shemeji," Ambrosi alisema.

"Kamwene. Umerudi."

"Nimerudi, na nimekuletea maiti."

Akafungua blanketi juu ya meza ya kazi. Ndani yake mlikuwa na gita, lakini si kama magita ambayo Alinanuswe alizoea kuyaziba nyufa. Hili halikuwa na tumbo wala tundu. Lilikuwa ubao mmoja mzima, mwekundu kama kahawa iliyoiva, na katikati limepachikwa sumaku mbili zenye vifuniko vya bati. Shingo yake ilikuwa imevunjika vipande vitatu, na nyuzi zilining'inia kama mizizi ya mmea uliong'olewa.

"Gita la umeme," Ambrosi alisema. "Nililinunua Kitwe, kwa Mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Limenifuata salama hadi Vwawa. Pale Vwawa mama mmoja akapanda na jiwe lake la kusagia, na kwenye kona ya kwanza jiwe likaangukia shingo." Alivisogeza vile vipande pamoja. "Nitengenezee nyingine, shemeji. Iwe kama hii, hivyo hivyo. Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane mimi na wenzangu wawili tunapiga muziki kwenye ukumbi wa dansi wa welfea, Iringa. Ulilete mwenyewe, na dada uje naye."

Severina alikuwa ametokea mlangoni akipangusa mikono. Ndugu wawili hao walikuwa hawajaonana kwa miaka mitano. Walisalimiana kwa haraka, wakacheka, Ambrosi akamshika mtoto shavu, kisha honi ya lori ikamwita. Gita hilo lilikuwa na kisanduku chake kizito cha kutolea sauti; hicho alikuwa amekiacha garini, na alikwenda nacho Iringa.

*

Kuna jambo moja kuhusu Severina ambalo Alinanuswe alilijua, na Severina hakujua kwamba linajulikana.

Severina alikuwa na sauti nzito. Tangu alipovunja ungo sauti yake ilishuka, ikaendelea kushuka, ikaishia mahali ambapo sauti za wanaume wengi huanzia. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliimba kwenye kwaya ya kigango kimoja nje ya Iringa. Mwalimu wa kwaya alimsimamisha kwa wasichana ikasikika vibaya, akamsimamisha kwa wanaume watu wakageuka kutazama. Mwishowe akamwambia, bila ukali wowote, "Wewe fungua mdomo tu pamoja na wenzako. Sauti usitoe." Severina alisimama katika kwaya ile miaka miwili, kila Jumapili, akifungua na kufumba mdomo. Watoto wa pale walimwita Fahali. Ambrosi, aliyekuwa mdogo, alimwita hivyo pia.

Tangu hapo alijizoeza kusema kwa sauti nyembamba ya juu kooni, sauti ya kuazima, na watu wa Iyunga waliomjua kwa sauti hiyo walimwona mwanamke mpole mwenye mafua yasiyokwisha. Lakini alipokuwa jikoni peke yake, akichekecha unga, mtoto amelala mgongoni, alikuwa akiimba bila maneno, mdomo umefungwa. Karakana ilipakana na jiko, ukuta wao ukiwa mmoja wa mbao, na mbao zile alizipiga Alinanuswe mwenyewe. Sauti ya mkewe ilipenya ukuta ikaingia kwenye meza ya kazi. Kuna siku aliishika meza kwa viganja viwili akaisikia ikitetema, akasimama hivyo hivyo, randa mkononi, mpaka wimbo ukaisha. Hakumwambia. Aliogopa kwamba akimwambia ataacha.

Alianza kazi ya gita kwa kuunganisha vipande vya shingo ya zamani kwa kamba, ili ajue vipimo. Kutoka kwenye kipande cha mfupa kilicho kichwani, pale nyuzi zinapoanzia, mpaka kwenye daraja, kile chuma kilichozibeba kule chini, palikuwa na inchi ishirini na tano na nusu. Kisha, kwa vile alitaka kuelewa kabla ya kukata, alichukua ubao mrefu, akapigilia misumari miwili kwa umbali huo huo, akafunga uzi mnene wa gita katikati yake na kuukaza. Akaugusa. Ukasema neno moja jembamba, ukanyamaza.

Mchana ule ukungu ulikuwa umerudi kutoka mlima Loleza, na ndani ya karakana mwanga ulikuwa wa maziwa. Alinanuswe hakuweza kueleza baadaye kwa nini aling'oa msumari mmoja akausogeza. Aliusogeza nje inchi moja, akafunga uzi upya kwa mkazo ule ule, akaugusa. Akausogeza tena. Kila aliposogeza, uzi ulishuka, kama mtu anayeteremka ngazi za kisima taratibu, akijaribu kila ngazi kwa mguu. Alipofika inchi ishirini na tisa aliugusa uzi, na upande wa pili wa ukuta Severina alikuwa akichekecha unga na kuimba, na sauti mbili zile zikakutana katikati ya mbao zikawa moja.

Alibaki ameinama juu ya ubao. Uzi ulipokoma kutetema, ukuta uliendelea.

Ambrosi alikuwa amesema: hivyo hivyo kama hii. Alinanuswe alilikumbuka neno hilo vizuri sana. Alichukua penseli akaandika kwenye ubao: 29.

*

Kurefusha shingo si kukata tu mti mrefu zaidi. Shingo ya gita ina vyuma vidogo vinavyoikatiza kama vipago vya ngazi, wapigaji huviita freti, na kila kimoja kina mahali pake. Alinanuswe aliona kwamba akizihamisha kwa nafasi zile zile za zamani, kila neno la gita litakuwa uongo. Akaenda kwa Mwalimu Ezekia, aliyefundisha hesabu na ambaye ua wake ulikuwa hatua chache juu ya barabara.

Ezekia alivaa miwani, akaipima shingo iliyovunjika jioni nzima. Alipima kutoka daraja hadi freti ya kwanza, kutoka daraja hadi ya pili, ya tatu, akaandika tarakimu kwenye daftari huku chai yake ikipoa.

"Tazama hapa," alisema hatimaye. "Kila hatua inakula sehemu moja ya kumi na nane ya urefu uliobaki. Unapima urefu wote, unaugawa kwa kumi na nane, unapiga alama. Kilichobaki unakigawa tena kwa kumi na nane. Unaendelea hivyo. Ukifika freti ya kumi na mbili utakuta uko nusu ya njia."

"Nusu kamili?"

"Karibu na nusu. Ni hesabu ya kazi, si ya mtihani." Akavua miwani. "Lakini kwa nini unataka nikupigie ya inchi ishirini na tisa, na hii ni ishirini na tano na nusu?"

Alinanuswe alitazama daftari. "Nipigie tu, mwalimu," alisema.

Mti aliuchagua bila shida. Alikuwa na mhimili wa mlango wa nyumba iliyobomolewa Chunya, mninga uliokauka miaka ishirini ukiwa umesimama wima, nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliupasua, akauchonga kwa kisu cha mikono miwili, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka mgongo wake ukatoshea kiganja. Harufu ya mninga ilijaa karakana. Siku zile alikula kidogo, alisema kidogo zaidi ya kawaida, na wateja waliokuja kuulizia vitanda vyao waliondoka na majibu ya jambo jingine.

Shingo ya kwanza iliharibika. Aliifunga, akakaza nyuzi, na kesho yake asubuhi akaikuta imepinda kama upinde wa kuwindia kwale. Urefu ule haukuweza kuhimili mvuto wa nyuzi sita. Mninga uliobaki ulitosha shingo moja tu. Safari hii alichimba mfereji ndani ya mti kwa patasi nyembamba, akaulaza humo ubapa wa chuma aliokuwa ameukata kwenye kitanda cha zamani, akaufunika kwa ubao wa juu na gundi, akauacha umebanwa kwenye jiliwa siku nne.

Kisha ikaja kazi ya kuikalisha. Gita lile jekundu lilikuwa na kitako cha pembe nne kilichochimbwa, ambamo mguu wa shingo huingia na kukazwa kwa skrubu nne. Alipaka kitako masizi ya taa, akaingiza mguu, akautoa, akatazama mahali masizi yalipogusa mninga, akakwangua hapo tu. Akarudia. Alifanya hivyo mara zisizohesabika, siku mbili, mpaka masizi yalipogusa kila mahali sawasawa na shingo ikaingia kwa mlio mdogo wa hewa, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Daraja hakuligusa. Freti alizing'oa kwenye shingo ya zamani, akazigongea kwenye alama za Mwalimu Ezekia, zote ishirini.

Kuhusu nyuzi alikuwa na hofu, kwa sababu hapakuwa na nyingine Mbeya nzima. Zilitosha, zikabaki inchi moja na kidogo tu. Hakuzikaza kufika sauti yake ya zamani. Alizikaza mpaka pale zilipotaka kutulia zenyewe.

Gita la umeme lisilo na umeme lina sauti ndogo kuliko ya nzi. Alinanuswe alikaa kwenye kigoda, akaegemeza kidevu chake juu ya ule ubao mwekundu, akagusa uzi mnene. Sauti haikupita hewani. Ilipanda kwenye mfupa wa taya, ikaenea ndani ya fuvu, kubwa na ya giza. Akafumba macho.

"Mama Esta," aliita. "Njoo kidogo."

Severina alikuja, unga mikononi.

"Weka kidevu hapa."

"Nina unga."

"Weka tu."

Aliinama, akacheka kidogo kwa ile sauti yake nyembamba, akaweka kidevu. Alinanuswe akagusa uzi. Kicheko kikakoma. Akaugusa tena, kisha ule wa pili, kisha wa tatu, polepole, na mkewe hakuinuka. Baada ya muda Alinanuswe aliona koo lake likitembea. Alikuwa akiimba ndani kwa ndani, pengine bila kujua, na ubao ulikuwa ukilichukua lile analoliimba na kulileta kwenye viganja vya Alinanuswe aliyelishika gita.

Kisha Severina akainua kichwa.

"Hivi ndivyo lilivyokuwa?"

"Hapana."

"Ambrosi alisema uifanye kama ile ya kwanza. Nilimsikia."

"Alisema."

"Sasa wewe ukafanya hivi kwa sababu gani?"

Alinanuswe hakuwa na jibu lililopigwa randa. "Ukuta wa jiko ni mwembamba," alisema.

Severina alielewa. Rangi ya uso wake ikabadilika, akatazama mikono yake yenye unga kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Miaka minne," alisema. "Miaka minne umekaa hapa ukinisikiliza." Akatoka.

Wiki nzima jiko lilikuwa kimya. Alimpa mumewe chakula, alimjibu alipoulizwa, alikwenda Uyole sokoni na kurudi, lakini aliuchekecha unga nje uani, kwenye upepo, ambako nusu yake ilipeperuka. Alinanuswe aliipaka shingo mafuta ya kitani akiwaza kwamba kwa mti mmoja amewakosea watu wawili: shemeji aliyemwamini kazi, na mke ambaye alikuwa na kitu kimoja tu cha peke yake.

Siku ya nane Severina aliingia karakana akiwa na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa akipiga msasa mguu wa meza, na hakuacha.

"Kile kidude," mkewe alisema. "Nilipoweka kidevu nilisikia kama kuna mtu mwingine."

Alinanuswe akasimamisha mkono.

"Mwingine mwenye sauti kama yangu," Severina alisema. "Niwekee tena."

*

Walisafiri kwa lori la magunia, wakalala Makambako, wakafika Iringa Ijumaa saa nane mchana. Ambrosi aliwapokea akawapeleka moja kwa moja ukumbini, akiwa na haraka ya kulisikia gita lake. Mama yao, Benedicta, alikuwa amekwisha kuletwa pale kutoka Kihesa ili awaone wageni, akaketishwa kwenye benchi karibu na jukwaa.

Mama huyo alikuwa amekuwa kiziwi taratibu. Kwanza walipotea ndege masikioni mwake, kisha kengele ya kanisa, kisha watoto, kisha wanawake. Watu walimpigia kelele masikioni, na kadiri walivyopaza ndivyo sauti zao zilivyopanda juu na kupotea zaidi. Alikuwa amejifunza kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Severina alimpigia magoti, akamsalimia kwa ile sauti nyembamba, na mama alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akampapasa mtoto miguu.

Ambrosi alifungua blanketi. Aliutazama ule urefu.

"Mbona ni ndefu hivi?"

"Ipige kwanza," Alinanuswe alisema.

Ambrosi alichomeka waya kwenye kisanduku chake, akasubiri taa zake za ndani zipate moto, akapiga. Ukumbi mtupu ukanguruma. Vumbi lilianguka kutoka kwenye dari. Alijaribu mtindo wa dansi aliokuja nao kutoka Kitwe, vidole vikakosa nafasi zao, maneno yaliyokuwa mepesi yakatoka yamevaa buti. Akajaribu kuimba juu yake. Sauti yake, iliyokuwa ya juu na tamu, ilielea peke yake mbali kabisa na gita, kama mtu aliyeachwa ng'ambo ya mto.

"Shemeji, umepima vibaya."

"Sikupima vibaya. Nilikusudia." Alinanuswe alisimama wima, kofia mikononi. "Uliniamini kazi nikafanya nyingine. Nitakuchongea ya pili, fupi, kama ile ya kwanza. Lakini hii nilikusudia."

"Kesho ninapiga! Kesho! Watu wamekwisha ambiwa!" Ambrosi alilipiga gita kwa kiganja, nalo likaguna. "Sasa nani ataimba na kitu hiki? Fahali?"

Neno lilitoka kabla hajalijua. Alilisikia likigonga ukuta wa mbali na kurudi, akamtazama dada yake, akafunga mdomo.

Severina alifungua kanga, akamshusha Esta, akampa Alinanuswe. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto na ambaye bado anaitazama.

"Piga," alisema. Na alilisema neno hilo kwa sauti yake.

"Nipige nini, dada?"

"Ule wa kutwangia ulezi. Taratibu. Usiukimbize."

Ambrosi aliutafuta kwenye nyuzi, akakosea, akaupata. Lilikuwa jambo rahisi, maneno matatu yanayoteremka na moja linalopanda, lakini katika gita lile kila neno lilichukua muda wake kama jiwe linalozama kwenye maji mengi. Severina akafumba macho akaanza. Mwanzoni aliimba mdomo umefungwa. Kisha akaufungua.

Alinanuswe alikuwa ameisikia sauti ile kupitia mbao tu. Sasa ilisimama mbele yake bila ukuta, pana, yenye joto, na gita likaishika chini yake kama kiganja kinavyoshika kisigino cha mtoto. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, jua la saa tisa limelala sakafuni kwa mistari, na kwa muda ambao hakuna aliyeupima hapakuwa na kitu kingine Iringa ila jua lile na sauti ile. Esta alikuwa amelala begani mwake, kinywa wazi.

Mama Benedicta aliinua kichwa. Akageuka upande mmoja, kisha mwingine. Akanyoosha mkono akauweka juu ya kisanduku cha sauti, akauacha hapo, akauondoa, na bado uso wake ulikuwa unasikiliza.

"Nani huyo?" aliuliza kwa Kihehe, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

Ambrosi aliacha kupiga. Severina naye akaacha, akaenda akapiga magoti mbele ya benchi.

"Ni mimi, mama," alisema kwa sauti ile ile nzito.

Mama alimshika uso. "Severina," alisema. "Sema tena."

"Ni mimi. Tuliondoka jana, tukalala Makambako."

"Mmelala Makambako," mama alisema. "Kulikuwa na baridi?"

"Baridi sana, mama."

Hapo mama akaanza kulia na kuuliza maswali kwa pamoja, na hakuacha hata kimoja mpaka jua lilipotoka sakafuni likapanda ukutani. Aliuliza nyumba ya Iyunga ina vyumba vingapi, mumewe anakunywa au hanywi, mahindi ya huko yanakobolewa au yanasagwa na maganda yake. Aliuliza jina la mtoto. Walipokuja Krismasi iliyotangulia alikuwa ameambiwa mara nyingi, akaitikia kwa kichwa kila mara.

"Esta," Severina alisema.

"Esta! Mimi nimekuwa nikimwombea rozari kwa jina la Rosta."

Severina akacheka, na kicheko chake nacho kilikuwa kizito, na mama akakisikia akacheka pia.

Ambrosi alikaa pembeni ya jukwaa, gita magotini. Baada ya muda alikuja akachuchumaa karibu na dada yake.

"Kule kwenye kwaya," alisema, "mimi nilicheka na wenzangu."

"Ulikuwa na miaka tisa."

"Nilicheka hata hivyo."

"Ulicheka," Severina alikubali. Akamsogezea nafasi kwenye benchi.

*

Jumamosi Ambrosi alilipiga gita hilo kama lilivyo. Alizuia vidole vyake visikimbie, akawaachia wenzake wawili wenye magita makavu, yasiyo na umeme, wacheze juu, yeye akatembea chini yao, na watu wa Iringa walicheza kuanzia alasiri. Walimsifu sana, ingawa wengi hawakuweza kusema kilichowafanya wajisikie miguu yao ni mizito na mepesi kwa wakati mmoja. Severina hakwenda. Ambrosi alimwomba aimbe japo mmoja, akakataa. Alibaki Kihesa na mama, wakimenya maharagwe na kuzungumza. Majirani walikuja mmoja mmoja, naye akamrudia mama kwa sauti yake nzito maneno ambayo alikuwa ameyakosa kwa miaka miwili: nani alikufa, nani alioa, na kwa nini mbuzi wa jirani aliuzwa.

Alinanuswe alirudi Mbeya Jumatatu, peke yake. Severina alisema atakaa mpaka mama amalize maswali yake, na hakuna aliyejua yamebaki mangapi. Mwezi wa tisa fundi alipeleka Iringa kwa lori shingo ya pili, fupi, ya inchi ishirini na tano na nusu kamili, na bisibisi iliyofungwa pamoja nayo. Ambrosi akaifunga, akaipiga wiki mbili. Kisha akalegeza skrubu nne, akairudisha ile ndefu, na ile fupi akaiweka juu ya kabati akiifunika kwa gazeti, kwa siku ambazo angeitaka.

Severina alirejea mwishoni mwa mwezi huo, na Alinanuswe akaenda kumpokea kituoni pamoja na Mwalimu Ezekia. Mwalimu alimsalimia, akasikia sauti iliyomjibu, akavua miwani akamtazama vizuri.

"Mafua yamepona?" aliuliza.

"Yamepona, mwalimu," Severina alisema, akamkabidhi gunia la ulezi abebe.